Hadithi ya Punda kwa Ajili ya Sendofu

Gerald Mughwai alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe Mtinko kwa miaka ishirini na mbili. Siku ya mnada sauti yake ilivuka mashamba ya alizeti ikafika mpaka barabarani, na watu wasiokuwa na hata mbuzi wa kuuza walikwenda kumsikiliza tu. Akimnadi fahali aliyekonda, wanunuzi walicheka mpaka wakasahau kumwangalia mbavu. Harusi nazo zilimtaka. Hakuwa mshereheshaji wa suti na maikrofoni, ila katika kila sherehe ya ukoo ilifika saa akasimama, akatoa hadithi moja ya kuchekesha, akakaa. Hadithi ile ndiyo watu waliyoondoka nayo.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Mwanzo alidhani ni vumbi la zizini. Alipokwenda hospitali ugonjwa ulikuwa umeshika, na huko Dar es Salaam wakaondoa sehemu ya koo inayotoa sauti, wakamwachia tundu shingoni lenye mrija wa kupumulia. Alikaa vizuri mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mwezi wa pili mwaka huu uvimbe ukarudi, upande wa pili wa shingo, na safari hii madaktari walimpa chupa ya dawa ya maumivu wakamwambia akae karibu na watu wake.

Mdogo wake, Agripina, ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi mwendo wa nusu saa kutoka kwa Gerald. Ana miaka arobaini na sita. Mumewe Peniel anafanya kazi Manyoni na hurudi mwisho wa mwezi. Walimu wenzake wanamjua kama mtu makini, wa maneno machache, asiyetania. Yeye mwenyewe husema kichekesho katika ukoo wao kilichukuliwa chote na Gerald.

Jioni moja ya mwezi wa tatu alikwenda kumjulia hali. Alimwamkia shikamoo kaka, na Gerald, kama ilivyokuwa kawaida yake tangu apoteze sauti, akachukua kaunta buku lililokuwa kitandani akaandika "Marahaba" kwa herufi kubwa kabla ya kitu kingine chochote. Halafu akaandika tena, akamgeuzia asome. Binti yake Joyce alikuwa anaolewa na kijana wa Ilongero aitwaye Frank. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ilipangwa mwezi wa nane, lakini wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kuirudisha nyuma mpaka Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano. Hakuna aliyetaja sababu. Gerald aliandika kwamba kwenye sendofu ya mtoto wake lazima itolewe hadithi, na hadithi aliyoichagua ni ya punda wa Jumapili ya Matawi. Agripina aiandike, na siku hiyo asimame aisome.

Agripina alimwambia aandike mwenyewe, yeye ataisoma. Gerald akatikisa kichwa. Aliandika: "Mimi najua kusema. Kuandika unajua wewe. Nisomee nisikie, nitakuambia."

Agripina akakubali. Angekataaje. Lakini alipotoka pale alijisikia kama mtu aliyebebeshwa gunia asilolijua uzito, na njia nzima hakuweza kukumbuka hata mara moja alipowahi kuwachekesha watu kumi kwa pamoja.

Kisa chenyewe kila mtu wa umri wao pale kijijini alikuwa na kipande chake. Miaka thelathini na sita iliyopita, punda wa baba yao, mzee Mughwai, aliingia kanisani katikati ya maandamano ya Matawi akafanya maajabu. Gerald alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtumishi wa altare. Alichapwa siku hiyo kwa sababu kumfunga punda ilikuwa kazi yake.

Agripina alianza kama anavyowafundisha wanafunzi: mwanzo, kati, mwisho. Alichora mistari mitatu kwenye karatasi, akapanga mambo chini ya kila mmoja, akaandika kurasa nne kwa mwandiko safi. Baada ya siku tatu akaenda kumsomea. Hadithi ilianza kwa kusema kaka yake Gerald alizaliwa mwaka gani, wazazi wake walikuwa nani, na jinsi alivyopenda kanisa tangu utotoni. Hakufika ukurasa wa pili. Gerald alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaomba kalamu. Agripina alikuwa na kalamu nyekundu ya kusahihishia, akampa hiyo. Juu kabisa ya ukurasa Gerald akaandika: "Nimekufa?"

Agripina hakucheka. Alikunja karatasi akaitia kwenye mkoba, na alipofika nje akasimama nyuma ya ghala la uwele akalia.

Ya pili aliijaza utani. Alitafuta maneno ya kuchekesha kama mtu anayeokota kuni, akayarundika yote. Punda alipewa jina, alipewa mawazo, hata alipewa hotuba ya kuwahutubia waumini. Gerald alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, na Agripina, aliyekuwa akiinua macho kila baada ya mistari miwili kumtazama, hakuona hata shavu kutikisika. Gerald aliandika: "Punda hasemi. Punda anakula."

Hapo ndipo alipoanza kumfundisha, kwa sentensi fupi fupi, akipumzika kati ya moja na nyingine ili kupumua. Alimwambia kwamba mnadani hakuna anayekubali ng'ombe ni mzuri kwa kuambiwa. Unamzungusha, wanamwona wenyewe. Alimwambia aache kusema padre alishangaa, aseme padre alifanya nini. Aanze na furaha ya padre, kwa sababu padre alifurahi kwanza, na ndiyo iliyofanya mengine yote yawe mabaya. Na baba asitajwe mapema. Baba aje mwishoni, akiwa amesimama.

Agripina aliandika yote hayo pembeni. Alirudi nyumbani akaanza upya, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi kisa kilivyokaa. Padre alikuwa akifika kigango chao mara moja kwa miezi miwili. Maandamano yalianzia kwenye miamba, watu wakiwa na matawi mkononi, na wakati wa kuondoka punda akatokea njiani, peke yake, akatembea mbele ya padre kama aliyealikwa. Padre alisimamisha maandamano. Alisema katika miaka yake yote ya upadre hajaona kigango kilichojiandaa hivi, mpaka punda wa Bwana wamemkumbuka. Katekista, ambaye hakujua punda ametoka wapi, aliinamisha kichwa akapokea sifa. Wakaimba wakiongozwa na punda. Punda hakukosea njia, maana kila siku alipita hapo kwenda kisimani, na kisima kilikuwa nyuma ya kanisa. Milango yote miwili ya kanisa ilikuwa wazi. Akapita katikati kwa sababu ndiyo njia ya mkato. Ila mbele, karibu na altare, alikuta ndoo ya maji ya baraka, na yeye alikuwa punda wa maji.

Padre, kabla hajaiona ndoo, alikuwa ameuliza mwenye punda ni nani ili ashukuriwe mbele ya watu. Mzee Mughwai akasimama. Alisimama wima na koti lake, na alikuwa bado amesimama punda alipokunywa ndoo nzima, akala tawi mkononi mwa katekista, kisha akageukia maua ya altare. Gerald, na kanzu yake nyeupe, alimkamata mkia.

Hiyo ilikuwa ya nne au ya tano. Aliisoma Jumapili alasiri, na Gerald akapiga kiganja mara mbili kwenye godoro, ishara yake ya kusema endelea hivyo. Lakini alipomaliza Gerald alirudi nyuma, pale alipoeleza punda alivyotoka zizini, akapitisha mstari mwekundu chini ya maneno mawili: "kamba ilikatika". Pembeni akaandika: "Ilikatikaje?"

Agripina alisema kamba ilikuwa imechakaa. Gerald akaandika kwamba kamba ilikuwa mpya, ya katani, baba aliisokota wiki ile ile. Agripina akasema basi labda fundo lililegea, mambo ya zamani nani anayakumbuka. Gerald alimtazama. Agripina alikusanya karatasi zake, akasema ana madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, akaondoka.

Hakurudi siku nne. Alijiambia ni mitihani. Shuleni alisahihisha insha za darasa zima akazipa zote alama moja, na mwalimu mkuu akamwita kumuuliza kama anaumwa. Usingizi ulikuja na kuondoka. Sendofu ilikuwa imebaki siku kumi na sita, na kila alipoiandika hadithi upya ilikufa mahali pale pale, kwenye kamba. Kabla ya kamba ilikuwa hai na baada ya kamba ilikuwa hai, lakini msikilizaji yeyote angeona kuna tundu pale.

Siku ya tano Dorkas, mke wa Gerald, alimpigia simu wakati wa kipindi cha tatu. Gerald alikuwa ametoa damu kwenye mrija. Agripina aliacha darasa kwa mwenzake akapanda bodaboda.

Alimkuta amelala ubavu, damu imekoma, amepungua kwa siku hizo chache kiasi kwamba shati lilimkaa kama la mtu mwingine. Dorkas alikuwa akifua vitambaa kwenye beseni nje. Hakuinuka kumpokea mkoba. Alimwambia muuguzi wa zahanati amekuja na kuondoka, na kwamba tangu asubuhi mgonjwa anaashiria kaunta buku, anauliza kama mwalimu amefika. Kisha akaacha kufua.

"Wifi, mimi ananiandikia maji," Dorkas alisema. "Ananiandikia geuza, mto, dawa. Wewe anakuandikia kurasa. Pumzi aliyobaki nayo ni kidogo, na mnaimalizia kwa punda."

Agripina alijua ilikuwa kweli. Alitaka kumwambia kwamba angekuwa na uwezo angeitupa hiyo hadithi kisimani leo hii. Badala yake alichukua kitambaa kimoja akaanza kusuuza, na wale wawili wakamaliza beseni, mmoja akikamua, mwingine akianika kwenye kamba ya nguo.

Alipoingia ndani alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakutoa karatasi. Alisema kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, kwamba asubuhi ile ya Matawi Gerald alipokuwa akikimbilia sakristia kuvaa kanzu alimwachia yeye kazi ya kumfunga punda. Yeye alikuwa na miaka kumi. Hakumfunga. Hakuishika hata hiyo kamba. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kwanza vya dukani, na zizini kulikuwa na matope, kwa hiyo alimwacha punda amesimama akaenda zake kwenye maandamano. Na jioni, Gerald alipomuuliza, alisema alimfunga. Baba alipochukua fimbo alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na alisikia zote, na hakutoka.

"Kaka, nilizihesabu," alisema. "Mpaka leo nazijua ni ngapi."

Gerald alivuta kaunta buku. Maneno yalipanda na kushuka kwenye mstari.

"Kamba niliikuta kwenye kigingi ukutani. Haijaguswa. Niliitupa chini ya mti kabla baba hajafika."

Agripina alisoma mara mbili. Alielewa polepole. Kama baba angeikuta kamba ukutani angeuliza nani alikuwa nyumbani wa mwisho. Alipoikuta chini ya mti ambao punda hufungwa alidhani fundo la Gerald lilikuwa la kizembe. Alimuuliza kaka yake kwa nini. Gerald akafikiri, kisha akaandika: "Ulikuwa na viatu vipya."

Hapo Agripina alilia kwa sauti, hadi Dorkas akaja mlangoni akidhani ni jambo jingine. Gerald aliwangoja wote wawili watulie, kisha akagonga ukurasa kwa kalamu. Aliandika: "Wanunuzi wanamjua ng'ombe anayefichwa mguu. Weka mguu nje. Andika."

Agripina aliandika palepale, mezani kwa Dorkas, kati ya sufuria ya uji na chupa ya dawa. Kwa mara ya kwanza hadithi ilikuwa na mtu ndani yake: msichana mwenye viatu, anayetembea kwa vidole akikwepa matope, anayemwambia punda "kaa hapo" na kuamini punda atakaa. Kisha maandamano, na msichana huyo akiwa katikati ya watu anaimba, anageuka, anamwona punda wao anaongoza kanisa zima. Jinsi alivyoendelea kuimba. Jinsi alivyoimba kwa nguvu kuliko wote.

Aliposoma kipande hicho, bega la Gerald lilitikisika, na mrija ukatoa mlio mwembamba kama filimbi iliyoziba. Ilimchukua muda kutambua kwamba kaka yake anacheka. Dorkas alikuwa amesimama pale na kitambaa mkononi. Yeye naye aliona.

Bado ilibaki kukata. Agripina alikuwa ameweka mwishoni aya ndefu ya kumwomba kaka yake msamaha mbele ya ukoo. Aliipenda kuliko zote. Gerald aliipigia mstari kutoka kona mpaka kona. Agripina akabisha, akasema hiyo ndiyo maana ya yote, bila hiyo hawezi kusimama mbele za watu. Gerald akaandika: "Hiyo tumemaliza hapa. Kule watalia tu. Kata." Agripina akasema ataikata siku ya siku. Gerald akakichana kipande hicho mwenyewe, akakifinyanga, akakiweka chini ya mto.

Wiki iliyofuata hakuweza tena kuandika zaidi ya neno moja moja. Walifanya kazi kwa viganja: mara mbili endelea, mara moja rudi. Agripina aliondoa "ghafla" zote. Aliondoa "kwa kweli" zote. Kurasa nne zikawa mbili na robo. Siku nyingine alilala katikati ya sentensi, na Agripina akabaki na karatasi mkononi, akisikiliza mrija, akiogopa kuinuka. Alijua ni upuuzi, lakini moyoni alikuwa ameshika imani kwamba hadithi ikiwa bado haijakamilika, mtu anayeingoja hawezi kwenda. Kwa hiyo alianza kuweka makosa makusudi. Alirudisha "ghafla" moja, akabadilisha mahali pa ndoo. Gerald aliyagundua siku ya pili. Alipiga kiganja mara moja, akafumba macho.

Jumamosi ya sendofu mchana ulikuwa wa upepo. Turubai lilifungwa nje ya ukumbi wa kigango. Gerald aliletwa kwenye kiti cha mikono, mto kila upande, kitambaa cheupe kimefunika shingo. Tangu alipoingia sherehe ilibadilika. Kwaya iliimba kwa sauti ya chini. Watu walikuja kumsalimu kwa mikono miwili, na walipogeuka walijifuta macho. Joyce, na gauni lake la rangi ya machungwa, alikaa mbele akiwa hatazami upande wa baba yake kwa sababu alikuwa ameapa asiharibu vipodozi.

Mshereheshaji akamwita shangazi wa binti. Agripina alisimama. Akasema hii ni hadithi ya baba wa binti, yeye ni mdomo tu. Akaanza.

Padre akasimamisha maandamano. Kimya. Katekista akapokea sifa. Kimya. Aliona watu wakimwangalia Gerald badala ya kumwangalia yeye, nyuso zimejaa huruma, na akaelewa kuwa hakuna hata mmoja atakayethubutu kucheka mbele ya mtu yule. Ingekuwa kama kucheka kitandani kwa mgonjwa. Jasho lilimtoka kiganjani hadi karatasi ikalainika. Alifika kwa msichana na viatu. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Alisoma "kaa hapo", na sauti yake mwenyewe ikamjia kama ya mtu anayesoma tangazo la kodi. Alimwangalia Gerald akitafuta kiganja, lakini viganja vya Gerald vilikuwa vimelala mapajani. Akasoma sentensi iliyofuata, kwamba msichana huyo ndiye anayesoma sasa hivi, na kwamba kamba haikukatika, kamba ilikuwa ukutani.

Mama yao, bibi Marietha, alikuwa amekaa safu ya mbele. Ana miaka sabini na minane, na sikio moja halisikii vizuri, kwa hiyo alimwomba jirani yake amrudilie. Jirani akamrudilia. Bibi Marietha alishika fimbo yake, akainuka taratibu, na ukumbi mzima ukageuka. Kwanza alisema maneno mawili matatu kwa Kinyaturu. Kisha, ili wageni wa Ilongero nao waelewe, akasema kwa Kiswahili.

"Kumbe ni wewe. Miaka yote hii namwita huyu mzembe, kumbe ni wewe." Alimnyooshea binti yake fimbo. "Mwalimu mzima. Subiri tufike nyumbani."

Agripina, bila kufikiri, alijibu: "Ndiyo, mama," na akarudi nyuma hatua moja.

Kicheko kilianzia kwa wapwa, kikapita kwa kwaya, kikashika wazee. Frank alijizuia mbele ya wakwe mpaka akashindwa. Watu walilaza vichwa mezani. Bibi Marietha hakucheka hata kidogo. Alikuwa amekasirika kweli, alibaki amesimama na fimbo yake, na hiyo ikawazidisha. Agripina alisoma yaliyobaki kwa kupiga kelele, ndoo, tawi, koti la baba, kanzu nyeupe kwenye mkia wa punda, na kila sentensi aliyoisahihisha kwa wiki sita ilifika mahali pake. Gerald alikuwa anatikisika kwenye mito. Dorkas alilazimika kumsafisha mrija mara mbili, na mara ya pili mikono yake mwenyewe ilikuwa haitulii kwa kicheko. Joyce aliharibu vipodozi.

Nyumbani mama alitimiza ahadi yake. Alimkalisha Agripina kwenye kigoda akamsema kwa muda mrefu, na alipochoka akanyamaza, na akakaa kimya hivyo siku mbili. Hakuwa na hasira tena na binti yake. Alikuwa amegundua kwamba yeye ndiye aliyempelekea baba maneno siku ile, yeye ndiye aliyesema mtoto huyu hajali kazi, na akaendelea kulisema hata Gerald alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu, kila kitu kilipopotea au kusahaulika. Siku ya tatu alifunga nguo zake kwenye kitenge akahamia kwa Gerald. Alikaa miguuni pa kitanda akimkanda nyayo na kuzungumza naye Kinyaturu. Gerald hakuweza kumjibu kwa sauti, na mama hakujua kusoma. Kwa hiyo Dorkas alisimama kati yao akimsomea mama lile neno moja au mawili aliyofanikiwa kuandika.

Agripina alikuja kila jioni baada ya shule. Hakukuwa na karatasi tena za kusoma, na hakujua afanye nini na mikono yake. Alichota maji, alipembua mtama. Jioni moja alimkuta Dorkas amekaa karibu na Gerald, kaunta buku limefunguliwa katikati yao, Gerald ameshika kalamu na Dorkas amemshikilia mkono chini ya kifundo usianguke. Walikuwa wamefika nusu ya ukurasa. Agripina alirudi nje kimyakimya akakaa na mama.

Gerald alifariki Jumatano, siku ya kumi na moja baada ya sendofu, saa nne asubuhi, wakati Agripina akiwa darasani. Alizikwa karibu na baba yao. Mnada wa wiki ile haukufanyika.

Baada ya msiba watu wa Ilongero waliagiza kwamba mwalimu aende kwenye harusi ya ndugu yao akasome ile ya punda. Agripina alikataa. Waliagiza tena, akakataa tena. Aliwaambia hana nakala, na ni kweli. Kurasa zile mbili na robo alimpa Joyce aende nazo kwake. Kaunta buku liko kwa Dorkas, kwenye sanduku la nguo, na ukurasa ule walioujaza pamoja Agripina hajawahi kuuliza una nini.